Jumamosi za Mama Regine

Nadia alinipigia simu Jumanne mchana nikiwa nasahihisha madaftari ya wanafunzi. Aliniambia, kwa Kiingereza chake cha kuzaliwa Johannesburg, kwamba mama yake amefariki alfajiri hospitalini, na kwamba wazee wa kanisa wanataka mtu wa kumzungumzia kwa Kiswahili siku ya mazishi. "Mimi Kiswahili nakisikia tu, Anti, kukisema siwezi," alisema. "Na wote wanasema ni wewe, kwa sababu ulikaa naye nyumba ile ya Bellevue." Nikampa pole, nikamwambia nitasema. Nilipewa dakika tano. Dakika tano zilinitosha kueleza kwamba marehemu Regine alisuka nywele za nusu ya wanawake wa Yeoville, kwamba aliimba sauti ya pili kanisani, na kwamba hakuna mgeni aliyetoka nyumbani kwake na njaa. Hazikunitosha kueleza kwamba kwa muda wa mwaka mmoja nilikuwa mtu wake, kwa maana ile ya zamani, mtu wa bwana fulani. Kwamba nilimwogopa, nikamkasirikia, kisha nikampenda. Ya dakika tano niliyasema kanisani. Haya ndiyo yaliyobaki.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Jinsi nilivyotoka Tanga hadi Johannesburg sitaieleza, maana haitofautiani sana na safari za wengine. Naanzia mlangoni kwa Mama Regine. Ilikuwa nyumba ya zamani, iliyojengwa kwa ajili ya familia moja ya Wazungu wenye nafasi, na siku nilipofika ilikuwa na familia tano na watu wawili watatu wasio na familia. Mbele kulikuwa na baraza pana lenye sakafu nyekundu ya kupigwa polishi. Vyumba vya mbele vilikuwa na dari za bati lililochorwa maua, madirisha marefu na meko ya kuotea moto. Kadiri ulivyokwenda nyuma, ndivyo dari ilivyoshuka na madirisha yalivyopungua, hadi ukafika uani, penye gereji na vyumba viwili vya matofali vilivyojengwa zamani kwa ajili ya watumishi. Katika sakafu ya sebule kulikuwa na kitufe cha shaba ambacho bibi wa zamani alikikanyaga kwa mguu ili kengele ilie jikoni na mtumishi aje. Kengele ilikuwa imekufa siku nyingi. Sasa nikiwafundisha watoto kwamba daraja za watu hujengwa hata ndani ya kuta, ni ile nyumba ninayoiona, si ngome yoyote ya Ulaya.

Mama Regine, Mkongo wa Lubumbashi, ndiye aliyeikodi nyumba nzima kutoka kwa mwenye nyumba na kuwagawia wengine vyumba. Alikuwa mjane wa miaka arobaini hivi aliyemlea Nadia peke yake, mnene, mwenye sauti iliyopita ukutani bila kubisha. Siku niliyoingia nilikuwa na begi moja na homa. Alinitazama, akaniambia, "Leta mikono." Nikampa mikono yangu miwili, akaifunika kwa yake. "Sasa uko mu nyumba yangu, mutoto ya batu. Mutu akikugusa, amenigusa miye. Lakini na weye, nikikuita, unaitika. Tunasikilizana?" Nikaitika. Akanipa chumba kimoja cha uani, akanipikia uji, akanilaza. Na ahadi yake aliitimiza. Mwezi wa pili, wanaume wawili walinifuata kutoka kituo cha teksi hadi getini wakinisemesha ovyo. Mama Regine alitoka barazani ameshika kitana cha chuma cha kunyooshea nywele, bado kikitoa moshi, akawauliza wanataka nywele zao zinyooshwe vipi. Sikuwaona tena.

Kuitika kwangu kulikuwa Jumamosi. Sisi wa uani, mimi na mama mmoja Mrundi wa chumba cha pili, tulifua mashuka yake, tukasugua jikoni na kupiga polishi baraza lote kwa magoti. Nguo zangu zote za mwaka ule zilikuwa na doa jekundu magotini. Hakuna aliyeandika sheria hiyo popote. Ilikuwepo tu, kama ilivyokuwepo sheria ya jikoni. Stovu ilikuwa na pleti nne, mbili zikifanya kazi. Mama Regine alipika kwanza, bukari, yaani ugali wa kwao, na sombe ya majani ya muhogo na samaki wa chumvi, kisha wa vyumba vya mbele, kisha wa katikati, na sisi wa uani mwisho kabisa, tukiomba umeme wa kununua usiishe kabla maharage hayajaiva. Nikisubiri kwenye ngazi ya mlango wa nyuma na sufuria yangu, nilisikia mazungumzo yote ya nyumba: nani kapata kazi, nani kaandikiwa barua na mkewe, nani hajui kulea. Niliyapenda mazungumzo yale. Lakini nilikuwa nje ya mlango.

Siku za kazi nilipiga pasi katika duka la dobi Kensington. Nyingi ya nguo zilikuwa makoti ya shule, yenye nembo kifuani: ngao, simba amesimama kwa miguu miwili, maneno ya Kilatini. Nilikuwa makini sana na wale simba, maana ukiwaunguza umekwisha. Sikujua maana yao. Nilijua tu kwamba mtoto anayevaa koti lile atafika mahali ambapo mimi sitafika, na hilo ndilo lililonipeleka kujiandikisha darasa la watu wazima, katika ukumbi mmoja Yeoville, kila Jumamosi kuanzia saa nne asubuhi. Mwalimu wetu alikuwa mama wa Kizulu tuliyemwita Ma Thandi. Alituambia kwamba mwisho wa muhula kila mmoja atatoa hotuba mbele ya wenzake, na hiyo ndiyo itakayoamua nani aendelee kuelekea mtihani wa kumaliza sekondari. Mada alizikunja kwenye vikaratasi ndani ya kopo la biskuti. Jirani yangu alipata machimbo ya dhahabu. Mwingine akapata reli. Mimi nikafungua changu: daraja za watu katika Ulaya ya zama za kati. Nilitamani kulia. Ma Thandi akaniita sisi, yaani dada kwa lugha ya kwao: "Eish, sisi, huo mzigo. Lakini umeuokota mwenyewe."

Mtu wa kunisaidia alikuwa mmoja tu. Kwenye gereji aliishi Mwalimu Ilunga, aliyefundisha historia Lubumbashi miaka kumi na tisa, na sasa alikuwa mlinzi wa getini katika jumba la maflati Kensington, mtaa wa pili kutoka duka letu la dobi. Jumba lenyewe lilijengwa kwa mfano wa ngome, na mnara mdogo usio na kazi na jina la Kiingereza la makabaila. Mama Regine alimwita Profeseri, na ingawa alilala gereji, alipika pamoja na watu wa mbele. Alikuwa mkavu. Hakuzoeana na sisi wa uani, alikunja gazeti kila tulipopita. Nilimsubiri jioni moja nje ya lile geti, jua bado liko juu, nikamwamkia shikamoo na kumwonyesha kikaratasi changu. Alikisoma, akavua kofia ya ulinzi. "Nani amekupa hii?" akauliza, kama mtu aliyeonyeshwa picha ya nduguye. Tangu siku hiyo tulirudi nyumbani pamoja kwa miguu, tukishuka Bez Valley na kupanda upande wa pili, na njia nzima ilikuwa somo.

Alinieleza jinsi mfalme alivyowagawia mabwana wakubwa ardhi, nao wakawagawia mabwana wadogo, na chini yao wote wakawa watwana wa shamba: hawakuuzwa sokoni kama watumwa, lakini hawakuweza kuhama wala kuoa bila ruhusa ya bwana. Walipata kipande cha kulima na ulinzi wa ngome vita ikija. Kwa hilo walimfanyia bwana kazi shambani mwake siku mbili tatu kila wiki. "Mwalimu," nikasema, "hiyo ni Jumamosi." Akacheka kwa mara ya kwanza. Akaniambia pia jinsi bwana mdogo alivyopiga magoti na kuiweka mikono yake ndani ya mikono ya bwana mkubwa, akala kiapo. Nikasimama njiani. Nikamsimulia uji na homa na "leta mikono". "Ile ilikuwa ya wapanda farasi, si ya watwana," akasema kwa uzito wote wa ualimu. "Regine alikupa heshima kubwa kuliko daraja yako."

Neno hilo la mwisho lilinichoma, na siku iliyofuata nikalipata la kumrudishia. Alikuwa akinieleza kwamba watu wa zama zile waliigawa jamii mafungu matatu: wanaosali, wanaopigana na wanaofanya kazi. Wasomi wote, alisema, walikuwa upande wa wanaosali. "Kwa hiyo mimi, kama mtu wa vitabu, ningekuwa kule."

"Na mimi?"

"Wewe umo katika wanaofanya kazi." Alilisema bila ubaya, kama anayetaja saa.

Tulikuwa tumesimama kwenye robot, taa za barabarani, tukingoja kuvuka. Nikamwuliza, "Na nani aliyeandika kwamba watu ni mafungu matatu?"

"Maaskofu."

"Yaani wanaosali."

"Ndiyo."

"Na wakajitaja wa kwanza."

Robot ikawaka kijani. Watu wakavuka. Mwalimu Ilunga hakusogea, ikawaka nyekundu tena akiwa amesimama palepale na sare yake ya ulinzi. "Miaka kumi na tisa nilifundisha lile somo," akasema hatimaye, "na hakuna mutoto aliyeniuliza hivyo." Kabla ya hapo alikuwa amejitahidi siku zote kunisemesha Kiswahili cha vitabuni. Lile "mutoto" lilimtoka mwenyewe, na kutoka hapo alizungumza nami kama anavyozungumza mtu na mwenzake. Mimi nikampa ya kwetu Tanga: kwamba muungwana zamani alikuwa mtu aliyezaliwa huru, asiye mtumwa, na wazee walijua ukoo upi ni upi, kwamba hata shikamoo, nilivyoisikia, ilikuwa kumshika mkubwa miguu. Lakini leo ukimwita mtu muungwana, huulizi babu yake alikuwa nani, unatazama anavyotenda. Uungwana ni kitendo. Akashangaa, akaniambia na kwao Wazungu neno gentil la Kifaransa, la mtu wa ukoo bora, lilikwenda njia hiyohiyo, likaishia kuwa neno la mtu mpole. Tulifika nyumbani tumefurahi kama watu waliookota kitu.

Hadi hapo nilikuwa nikiamka alfajiri kila Jumamosi nimalize kazi ya Mama Regine kabla ya saa nne. Kisha akaongeza mapazia. Akaongeza mazulia. Zilipobaki Jumamosi tatu, ya mwisho ikiwa ya hotuba, nilimfuata chumbani kwake akimsuka mteja, nikamwambia siwezi kumaliza yote na kuwahi darasa.

"Jumamosi iko yangu," akasema, hakuinua macho.

"Mama, ni wiki tatu tu."

"Na baraza? Itajisugua yenyewe?" Vidole vyake havikusimama. "Nilikupokea, Mwanaidi. Sikukuuliza karatasi, sikukuuliza dini. Sasa masomo imekuwa kubwa kunipita miye? Basi tafuta chumba huko ku masomo."

Nilirudi uani nikakaa kitandani. Nikianza kutafuta chumba, nitakipata wapi, kwa nani? Nikiacha darasa, nitapiga pasi simba wa watu mpaka lini? Siku ile niliamua kuacha darasa. Sioni aibu kusema. Nilimwambia Mwalimu Ilunga tukiwa njiani. Jumamosi asubuhi nilipotoka na ndoo, nilimkuta barazani tayari. Amekunja suruali yake ya ulinzi hadi juu ya magoti, amepiga magoti, anasugua. Kopo la polishi liko wazi pembeni. "Nenda," akaniambia. "Siku ya kazi inataka mutu. Haikusema mutu gani." Nikasimama na ndoo yangu. "Mwanaidi, saa tatu na nusu. Nenda!"

Yaliyofuata nilisimuliwa mchana niliporudi, na kila mtu aliyasimulia kwa njia yake. Wateja wawili wa kusuka walifika, wakashindwa kupita. Mama Regine akatoka kuona wamekwama wapi, akapiga kelele, "Profeseri! Simama! Unanitia haya mbele ya batu!" Yeye akaendelea kusugua. "Weye ulifundisha watoto ya wakubwa!" akalia Mama Regine. Mwalimu Ilunga akajibu, "Na weye ulimupokea mutoto mugonjwa bila kumuuliza kitu. Tuko wote wazuri, Regine. Nipishe, umekanyaga pahali pabichi." Mama Mrundi wa chumba cha pili aliniambia kwamba alipoona mtu yule na vile vitabu vyake vyote amepiga magoti, alichukua kitambaa akapiga magoti kando yake, na kwa mara ya kwanza kazi ile haikumuuma. Mama Regine aliingia ndani akafunga mlango. Jumamosi ya pili hali ikawa ileile. Jumamosi ya tatu ilikuwa ya hotuba.

Nilikuwa nimeandika kurasa nane. Nilisoma ya kwanza, watu wakapiga miayo. Nilipoinua kichwa nigeuze karatasi, nikamwona Mama Regine ameingia mlangoni, amejifunga kitenge chake cha kanisani na kilemba, anatafuta nafasi nyuma. Hadi leo sijui nani alimwambia mada yangu. Nilijua Kiingereza chake ni kidogo, lakini nilijua pia kwamba kidogo chake kinatosha. Nikaziweka karatasi chini, kwa sababu sikuona tena maandishi, nikasema ninayoyajua. Nilisema kwamba zama zile hazikuishia kule. Nilisema juu ya ngao na simba kwenye makoti ya shule, na jinsi mtoto anavyofundishwa mapema kwamba yuko ndani ya ngome. Juu ya maflati yenye mnara, na mlinzi anayefungua geti bila kuulizwa jina. Juu ya neno la Kiingereza la mwenye nyumba, landlord, ambalo hadi leo limembeba bwana, lord, ndani yake. Nilisema kuna nyumba ninayoijua yenye kengele ya kumwita mtumishi, na vyumba vya nyuma vya watumishi, na kwamba Wazungu wale waliondoka lakini nyumba ikaendelea kutupanga, wa mbele mbele, wa nyuma nyuma. Kisha, kwa sababu ilikuwa kweli, nikasema kwamba bwana wa zamani alikuwa na wajibu wake pia, na kwamba mimi niko hai kwa sababu mtu mmoja aliushika wajibu huo vizuri. Ninachotaka, nikasema, ni ule wema ubaki, magoti yaondoke.

Ma Thandi akauliza kama kuna maswali. Mama Regine akainua mkono. Alisimama, akasema kwa Kiswahili, nami ikanibidi nitafsiri kila sentensi kwa darasa zima.

"Ule bwana wa ngome. Naye alikuwa na bwana yake?"

"Alikuwa naye, Mama. Wa juu yake."

"Alikuwa anapiga magoti?"

"Alipiga magoti."

Akatikisa kichwa polepole. "Kila mwezi naenda kwa mwenye nyumba, Kensington. Naenda ku mulango wa jikoni. Nasimama pale, anasoma karatasi zake, ananiuliza nani amevunja dirisha, nani amevunja bomba. Miaka sita. Hajaniambia hata siku moja, Mama, kaa. Miye nilifikiri ni juu ya miguu yangu michafu. Sikujua iko kitu ya zamani hivyo."

Nilitafsiri hadi mwisho. Ma Thandi alivua miwani, akauliza ukumbi ni wangapi wamewahi kusimamishwa mlango wa jikoni. Sikumwona mtu aliyeacha mkono wake chini, na wa Ma Thandi mwenyewe ulikuwa juu.

Nilifaulu. Niliendelea, miaka ikapita, nikawa mwalimu wa historia, na Mwalimu Ilunga alirudi Lubumbashi akafundisha tena hadi alipostaafu; barua zake ninazo. Mama Regine hakuniomba radhi, haikuwa tabia yake. Jumatatu iliyofuata alikuja jikoni saa ya kupika, akasimama katikati, akatangaza, "Leo wataanza wa uani," kisha akaenda zake. Baraza likawa la zamu, na jina lake likawemo. Watu wa mbele walinung'unika wiki nzima. Maharage yangu yaliiva jua bado halijazama.

Mwisho wa mwezi aliniambia nivae vizuri nimsindikize. Tulikwenda Kensington, juu kwenye kilima, kwenye nyumba ya mawe yenye bustani. Mwenye nyumba alikuwa mzee mwembamba, mwenye sweta na adabu. Alifungua mlango wa jikoni, akasimama ndani, sisi nje, akaanza kuuliza habari za madirisha. Mama Regine akanigusa mgongoni. Nikasema kwa Kiingereza, "Samahani bwana, Mama Regine angependa kukaa."

Alinitazama, kisha akamtazama yeye, kama mtu anayesikia jina ambalo angepaswa kulijua. Uso ukamwiva. "Hakuna aliyewahi kuniambia," akasema. Akaingia ndani, tukasikia viti vikiburutwa, akarudi akafungua mlango wote. Tulikaa kwenye meza ya chakula, chini ya picha ya mbwa na farasi. Mama Regine alikaa kwanza pembeni kabisa mwa kiti, kisha akaegemea. Akamwambia, kupitia kinywa changu, jambo ambalo miaka sita hakuthubutu kulisema akiwa amesimama: kwamba maji ya moto hayafiki uani, na baridi inakuja, na kuna watoto. Mzee akaandika. Wiki iliyofuata fundi alikuja.

Tulipotoka getini nilidhani atalia. Alitembea hatua kumi, ameshika mkoba kifuani, kisha akanigeukia.

"Mwanaidi."

"Abee, Mama."

"Viti vyake viko vigumu sana," akasema, akaanza kucheka, akacheka hadi ikabidi aushike ukuta wa jirani, na mimi nikamshika yeye.